Ramadhani Majumbani: Watoto Walivyolelewa katika Saumu tokea Pwani hadi Ziwa Tanganyika

Habari za kuingia Uislamu katika nchi za bara zimezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wanaume. Hutajwa wafanyabiashara waliotoka Unguja na Bagamoyo na misafara yao, hutajwa walimu waliofuata nyuma yao na misahafu na vitabu vya fiqhi, kisha hutajwa waliotoa viwanja na mawe ya kujengea misikiti. Wote hao wana haki ya kukumbukwa. Lakini yako maswali ambayo masimulizi hayo hayayajibu, na moja katika hayo ni hili: ni nani aliyemfundisha mtoto wa Ujiji, wa Rumonge au wa Usumbura kufunga? Upande wa Urundi na Kongo, kwa miaka mingi, shule zenye majengo na walimu wenye mishahara zilikuwa za misheni. Na chuo cha Kurani kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, ambaye naye alikuwa na shamba lake au cherehani yake ya kumpatia riziki. Saumu haikungoja shule. Ilifundishwa uani, kando ya mafiga, na waliofundisha ni kina mama na kina bibi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Jambo hili si geni katika dini, bali ni la tangu mwanzo wake. Kabla ya kufaradhishwa Ramadhani katika mwezi wa Shaabani, mwaka wa pili wa Hijra, sawa na mwaka 624, Waislamu wa Madina waliamrishwa kufunga siku ya Ashura. Bibi Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Kiansari ambaye baba yake aliuawa vitani Badri, ameeleza walivyofanya siku hiyo, na maelezo yake yamo katika Bukhari na Muslim. Walifunga wao na wakawafungisha watoto wao wadogo. Wakawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Na mtoto alipolia kwa njaa walimpa kitu hicho ashughulike nacho mpaka wakati wa kufuturu ulipofika. Hadithi hii ni fupi, na wengi huipita haraka wakienda kutafuta hukumu iliyomo. Yafaa isomwe polepole. Mama yule hakungoja mtoto alie ndipo atafute la kufanya. Sufu ilikuwa tayari. Aliketi kabla ya siku ile, akaisokota, akaifunga, akaifanya mdoli au mpira, kwa kuwa alijua kwamba saa ya kulia itafika. Huko ndiko kujiandaa kwa saumu pamoja na watoto, na yaonekana hakuna habari ya kujiandaa huko iliyo kongwe kuliko hiyo.

Bukhari amepokea pia habari ya Sayyidna Umar, aliyeletewa mtu mzima aliyelewa mchana wa Ramadhani, naye akamkemea kwa kumkumbusha kuwa hata watoto wa Madina walikuwa wamefunga. Maana yake ni kwamba katika zama za Masahaba kufunga kwa watoto lilikuwa jambo la kawaida, linaloonekana mitaani, hata likaweza kutumiwa kumfedhehesha mkubwa.

Juu ya umri, wanavyuoni hawakuwa na kauli moja. Wafuasi wa Imamu Shafii walisema mtoto aamrishwe akiwa na miaka saba, kama anavyoamrishwa Sala, na akifika miaka kumi ashikwe zaidi. Imamu Ishaq alitaja miaka kumi na miwili. Imamu Auzai hakutazama miaka bali nguvu, akasema mtoto akiweza kufunga siku tatu mfululizo bila ya kudhoofika, basi na afungishwe. Wafuasi wa Imamu Malik wengi hawakuona kwamba saumu ya mtoto ni jambo la kuamrishwa kama Sala. Na wote wamekubaliana kwamba haimlazimu mpaka abaleghe. Pwani ya Afrika Mashariki ilishika madhehebu ya Shafii, na Minhaj ya Imamu Nawawi ndiyo iliyosomeshwa misikitini tangu zamani. Sasa, katika kitabu hicho amri ya kumfungisha mtoto wa miaka saba imefungamanishwa na sharti moja: awe anaiweza. Watu wengi waliokichukua kitabu kwa mdomo waliubeba umri wakalisahau sharti. Hilo litarejewa hapa chini, maana limewaliza watoto wengi.

Kwa Waswahili, kalenda yenyewe ilikuwa mwalimu. Miezi yao haikuanza kuhesabiwa kwa Muharram bali kwa kumalizika saumu: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulqaada ni Mfunguo Pili, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, na kuendelea hivyo hata Mfunguo Tisa, kisha huja Rajabu, na Shaabani iitwayo Mlisho, na Ramadhani yenyewe. Mtoto aliyesikia nyumbani kwamba Maulidi husomwa Mfunguo Sita, na kwamba mahujaji husimama Arafa Mfunguo Tatu, alikuwa mwaka mzima akihesabu umbali wake na Ramadhani bila ya kujua kwamba anafundishwa. Na mwisho wa Mlisho kulikuwa na kuvunja jungu, siku ambayo jamaa hukusanyika wakapika na kula pamoja, wengine wakatoka kwenda pwani au mashambani, kwa kuagana na vyakula vya mchana. Baadhi ya masheikh wameikemea desturi hiyo kwa sababu ya israfu na mambo mengine yaliyoingizwa ndani yake, na makemeo yao yana hoja. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka mitano ambaye hajui tarehe, siku ile ilikuwa alama isiyosahaulika: chungu kikubwa kimepikiwa mara ya mwisho mchana, na kesho nyumba itakuwa na mpango mwingine.

Mambo haya yalisafiri. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Waarabu na Waswahili; na Stanley alipomkuta Livingstone hapo hapo Ujiji mwaka 1871, mji ulikuwa na watu wengi wanaosali na kufunga. Ng'ambo ya ziwa, katika Manyema, miji ya Nyangwe na Kasongo ilikua chini ya wafanyabiashara ambao mashuhuri wao alikuwa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Wageni wa Kizungu wameandika mengi juu ya bei za pembe na vita vya njiani. Jikoni hawakuingia, kwa hiyo vitabu vyao havina la kusema juu ya futari.

Haifai kuficha kwamba wanawake wengi waliojaza miji hiyo hawakuzaliwa katika Uislamu. Wengine waliolewa na watu wa misafara kwa ridhaa za jamaa zao; wengine walifika kama mateka na watumwa, na yaliyotendeka katika soko la Nyangwe mwaka 1871, Livingstone akishuhudia wanawake wengi wakiuawa na watu wa misafara, yatosha kuonyesha ukatili wa zama zile. Wanawake hawa walipata majina mapya, wakajifunza lugha mpya, na wakatazamiwa kuendesha nyumba ya Kiislamu ambayo kabla yake hawakuwahi kuiona. Mwanamke wa namna hiyo aliifunga Ramadhani yake ya kwanza akiwa mtu mzima. Hakuwa na mama yake karibu wa kumwuliza. Alijifunza saa za daku, na yanayoharibu saumu, na siku ambazo mwanamke hafungi, kwa kutazama wenzake na kwa kusahihishwa, wakati mwingine mbele ya watu. Na kabla hajatulia katika elimu hiyo, mtoto wake alikuwa amefika umri wa kuuliza kwa nini hapewi uji asubuhi. Mama na mtoto walikuwa wanafunzi wa darasa moja. Pengine hiyo ndiyo sababu malezi ya saumu kandokando ya ziwa yalikuwa na upole wa namna yake. Aliyejifunza njaa ukubwani huijua vizuri zaidi kuliko yule aliyeizoea tangu utoto.

Ziko nchi ambako saumu iliingia kwa mlango mwingine, na kuzilinganisha kuna faida. Huko Buganda, ambako Ahmed bin Ibrahim alifika mwaka 1844 zama za Kabaka Suuna, mfalme aliyefuata, Mutesa wa Kwanza, aliifunga Ramadhani kwa miaka ipatayo kumi kuanzia mwaka 1867 hivi, akawaamrisha na watu wake waifunge. Ilikuwa saumu ya amri, yenye wapelelezi na adhabu. Moyo wa mfalme ulipogeuka, amri iligeuka nayo, na mwaka 1876 vijana wengi wa Kiislamu wa ikulu, waliokataa nyama ya mchinjaji asiye Mwislamu na kukataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, waliuawa kwa amri ya huyo huyo aliyewafungisha. Vijana hao dini ilikuwa imewaingia wenyewe, haikutegemea tena ikulu. Lakini saumu ya halaiki, iliyosimama juu ya tangazo la mfalme peke yake, ilianguka kwa siku chache.

Kandokando ya Ziwa Tanganyika hapakuwa na mfalme wa kutangaza wala wa kutangua. Wadachi walijenga boma la Usumbura mwaka 1897, Wabelgiji wakaliteka mwaka 1916, na baada ya hapo nchi za Ruanda na Urundi zikawekwa chini yao kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Waswahili wa Usumbura, yaani watu wa asili za Manyema, Ujiji, pwani na za Urundi yenyewe, waliounganishwa na Uislamu na lugha, walikusanyika katika mtaa wa Buyenzi na katika Belge, uliokuja kuitwa Bwiza. Serikali iliwaachia misheni sehemu kubwa ya elimu. Mzazi wa Buyenzi alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na gharama: ampeleke mtoto kwenye shule ya misheni apate kusoma na kuandika, akihofia kwamba atarudi na jina jingine, au ambakishe kwenye chuo cha Kurani, akijua kwamba kazi za karani na za uganga wa serikali zitampita. Wengi walichagua chuo. Athari ya uchaguzi huo ilionekana miaka mingi baadaye, pale nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mji kuitwa Bujumbura, hali Waislamu waliokuwa na vyeti ni wachache. Si haki kuwalaumu wazee wale kana kwamba walichukia elimu. Walikuwa wakilinda kitu, na hawakuwa na mahali pa kukilindia isipokuwa nyumbani.

Basi nyumba ilijiandaa vipi? Maandalizi yalianza kwa jambo ambalo watoto hawakulielewa. Katika Mlisho mama alionekana hali mchana, wala si Ramadhani. Alikuwa akilipa kadha ya siku zilizompita mwaka uliotangulia, na katika hilo alimfuata Bibi Aisha, ambaye imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba hakuwahi kuzilipa siku zake ila katika Shaabani. Mtoto aliyekuwa akila na mama yake sinia moja ghafula alikula peke yake, au na wadogo zake. Aliuliza, akaambiwa mama ana deni. Kwa watoto wengi wa mitaa hiyo neno deni liliingia kwanza katika dini kabla ya kuingia dukani.

Kisha zilikuja kazi. Kuni zilikusanywa za kutosha, maana daku hupikwa usiku na hakuna atakayetoka kutafuta kuni gizani. Muhogo ulianikwa, ukatwangwa, ukachekechwa. Vyungu vilisuguliwa majivu. Watoto walipewa sehemu yao: kupepeta, kuchambua mawe katika maharage na mchele, kufagia uwanja, kupeleka ujumbe kwa jirani. Vyakula vya pwani havikuweza kuigwa vyote. Nazi, ambayo kwa mpishi wa Mombasa au Unguja ndiyo roho ya futari, huku ilikuwa kitu cha nadra. Mahali pake palichukuliwa na mawese, ambayo michikichi ya Ujiji na Rumonge iliyatoa kwa wingi, na karanga za kusaga. Ndizi, magimbi na viazi vitamu vilikuwapo. Ziwa lilitoa dagaa, waitwao ndagala upande wa Urundi, na samaki aitwaye mukeke. Mchele ulikuwa umeenea Ujiji na Manyema pamoja na misafara yenyewe. Tende ni jambo jingine. Sunna ni kufungua kwa tende, na asiyeipata afungue kwa maji. Watoto wengi wa Usumbura walifungua kwa maji miaka mingi, na tende waliijua kwa kusikia tu, mpaka walipopelekewa chache na ndugu wa Kigoma au Unguja, zikagawanywa moja kwa watu wawili.

Usiku wa kungoja mwezi, watoto walitolewa nje waangalie magharibi. Mji uko upande wa mashariki wa ziwa, na ng'ambo, juu ya Uvira, imesimama milima mirefu. Mwezi mwandamo ukiwa chini huzama nyuma ya milima hiyo kabla ya jicho kuudiriki, hata kama anga ni safi. Kwa sababu hiyo mabishano ya mwezi katika Usumbura yalikuwa na asili katika ardhi yenyewe, si katika ukaidi wa watu tu. Baada ya redio kuingia majumbani, watoto walihama kutoka uwanjani kwenda kuzunguka meza ya baba, na habari ya mwezi ikawa ni ya kusikilizwa badala ya kutazamwa. Faida yake inajulikana. Hasara yake ni kwamba mtoto alipoteza ile fahari ya kuwa yeye, mwenye macho makali kuliko babu, huenda akawa wa kwanza kuuona.

Ama saumu yenyewe, mtoto alipandishwa ngazi kwa ngazi. Aliyekuwa na miaka minne au mitano aliambiwa kwamba amefunga tokea alipopewa uji wa asubuhi mpaka adhuhuri, na jirani akija aliambiwa hivyo hivyo mbele ya mtoto, naye akafurahi. Mkubwa kidogo alikaa na njaa mpaka adhuhuri, akala, akaendelea tena mpaka magharibi, akaketi mkekani na waliofunga. Fiqhi haina nusu ya saumu. Siku iliyokatwa kwa kula si saumu, na kina mama walilijua hilo. Hawakudai kwamba wanatoa fatwa. Desturi hii iko katika nchi nyingi za Kiislamu, na baadhi yake zimeipa jina: Waindonesia huiita puasa bedug, kwa kuwa mtoto hufungua kwa ngoma ya adhuhuri, na Waturuki wana jina lao, tekne orucu. Watu ambao hawakuonana walifika mahali pamoja, kwa kuwa tumbo la mtoto ni lile lile.

Daku ilikuwa na fitina yake. Katika madhehebu ya Shafii nia ya saumu ya Ramadhani sharti iwekwe usiku, wala mtoto aliyepambanukiwa na mambo hakuondolewa sharti hilo. Mtoto akilala mapema bila ya kunuia, na mama akamhurumia asimwamshe, asubuhi aliamka akakuta watu wamekwisha kula na alfajiri imepita. Kilio cha asubuhi hiyo hukumbukwa na watu wengi wazima kuliko kilio chochote cha njaa. Hakulia kwa kukosa chakula; alilia kwa kuachwa. Mama mwerevu alimnuisha mtoto baada ya tarawehe, kabla usingizi haujamchukua, kisha akaamua mwenyewe usiku kama atamwamsha. Kwa njia hiyo mtoto alijifunza nia kabla ya kujifunza neno la fiqhi linaloieleza, na mwalimu wa chuo alipofika mlango huo, alimkuta amekwisha kuujua.

Chuoni kulikuwa na raha na taabu. Mwalimu alifupisha masomo katika Ramadhani, wakubwa wakasomeshwa kuhitimisha, wadogo wakabaki na mbao zao na sura fupi za Juzuu Amma. Lakini chuoni ndiko mahali ambapo watoto walipimana. Aliyefunga alitoa ulimi uonekane umekauka. Asiyefunga alitafutiwa jina la kumkejeli. Wengi walianza hapo kusema uongo, wakafunga mbele za watu na kunywa maji nyuma ya mtungi. Wako baba waliochochea mashindano hayo kwa kutajana barazani, huyu akisema mwanawe wa miaka sita amekwisha siku kumi, na yule akirudi nyumbani kumkaza wake. Wako na walioshika fimbo, wakitoa hoja ya miaka kumi na kusahau lile sharti la uwezo lililotajwa juu. Lazima isemwe wazi kwamba jambo hilo halikuwa na msingi katika vitabu vilivyotolewa kuwa hoja. Mtoto mgonjwa, au aliyedhoofishwa na homa ya malaria, maradhi ambayo bonde la Rusizi na pwani ya ziwa hayajapata kuyakosa, hakuwa na saumu ya kuamrishwa. Mama aliyemfichia mtoto wa namna hiyo uji jikoni, baba akiwa barazani, alikuwa ndiye mwanachuo wa nyumba ile.

Liko jambo moja ambalo Mwenyezi Mungu amewarahisishia watu wa nchi hizi, nalo ni urefu wa mchana. Bujumbura iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kuchwa kwa saa zile zile takriban mwaka mzima. Saumu, tokea alfajiri hadi magharibi, ni saa kumi na tatu na dakika kadhaa, ikiwa Januari au Julai. Jamaa waliohamia Ulaya ya kaskazini wameona Ramadhani za kiangazi zinazozidi saa kumi na nane, na maswali yao juu ya watoto yana uzito mwingine. Huku kinachogeuka ni mvua na shule. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, na huzunguka majira yote kwa miaka thelathini na mitatu hivi. Ramadhani ya mwaka 1400 wa Hijra iliingia katikati ya Julai 1980, wakati wa vumbi na kiangazi, na ile ya mwaka 2013 iliingia Julai vile vile. Watoto walioanza kufunga katika miaka hiyo walianza katika likizo ndefu: walilala mchana, wakacheza kivulini, mama akiwaona. Walioanza mwaka 2024, Ramadhani ilipoingia mwezi wa Machi, wameanza kukiwa na mvua, na kukiwa na daftari, mtihani, na rafiki wa dawati moja anayekula andazi saa nne. Ndugu wawili wa nyumba moja, waliopishana miaka kumi, huenda wakawa wamefundishwa saumu mbili zisizofanana, na mkubwa akimwambia mdogo kwamba yeye hakusumbuka hivyo, yafaa akumbushwe kalenda.

Mtoto asiyeweza kufunga kabisa, hata yule anayenyonya, alikuwa na nafasi yake katika hesabu ya mwezi. Mama mwenye mimba au mwenye kunyonyesha, akila kwa kumhofia mtoto wake, madhehebu ya Shafii humtaka alipe siku hiyo na atoe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Na kibaba hicho kilikuwa kile kile kilichoning'inia jikoni cha kupimia mchele. Vibaba vinne ni pishi, na pishi ndiyo fitri ya kila mtu, hukadiriwa sasa kuwa kilo mbili na nusu hivi za mchele. Jioni ya kumaliza mwezi, watoto waliitwa wapime. Pishi ya baba, pishi ya mama, pishi ya bibi, kisha yao wenyewe, mmoja mmoja kwa jina, wa mwisho akiwa yule aliye mgongoni mwa mama. Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho ya Ramadhani kuchwa hutolewa pishi yake; aliyezaliwa baada ya hapo hadaiwi kitu mwaka huo. Ndiyo maana katika nyumba iliyopata uzazi jioni hiyo, mkunga akitoka chumbani, baada ya kuulizwa hali ya mama, aliulizwa pia kama jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na hali kibaba kiko mkononi mwa mtoto mkubwa, akingoja kuambiwa kama apime pishi moja zaidi.